Ukumbi wa parokia usikae na kufuli: mwongozo kwa kamati iliyokabidhiwa funguo

Kumbi nyingi za parokia huishi siku moja tu katika wiki. Jumamosi hupambwa, hujaa watu, hurindima muziki. Jumapili mchana hufagiliwa, kisha kufuli hukaa mlangoni mpaka Jumamosi nyingine. Siku zote za katikati, jengo ambalo huenda ndilo kubwa kuliko yote mtaani, lenye paa zima, viti, maji na vyoo, halimfai mtu yeyote. Mwongozo huu ni wa kamati inayotaka kubadili hali hiyo. Nimekuwa katibu wa kamati ya ukumbi kwa miaka kadhaa, na karibu kila ninaloandika hapa nililiona kwanza likiharibika, au likifaulu, mbele ya macho yangu.

Kabla ya hatua yenyewe: ukumbi ni wa kazi gani

Kanisa ni mahali patakatifu, na kwa Wakatoliki jambo hilo lina maandishi yake. Kanuni ya 1210 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inaruhusu mahali patakatifu yale tu yanayotumikia ibada, uchaji na dini. Matumizi mengine yanahitaji ruhusa ya mkubwa wa Kanisa, kila tukio kwa ruhusa yake. Kwa hiyo darasa la ushonaji, mkutano wa wapangaji, mazoezi ya maigizo na uchangiaji damu vinahitaji paa jingine.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika Uingereza ya zama za kati watu walifanyia karamu na shughuli za kijiji ndani ya kanisa lenyewe, upande wanakosimama waamini. Kufikia karne ya 15 na ya 16, parokia nyingi, hasa za kusini-magharibi mwa nchi ile, zilikuwa zimejenga "nyumba ya kanisa" jirani na makaburi, na sherehe zikahamia huko. Ukumbi wa leo ni mjukuu wa nyumba ile.

Nalianza na hili kwa sababu litawasaidia siku mtakapobishana kama kikundi fulani "kinafaa" kuingia. Ukumbi ulizaliwa ili ubebe yale ambayo kanisa haliwezi kuyabeba. Ndio mlango wa parokia ambao mtu wa dhehebu jingine, mtu wa dini nyingine, au yule aliyeondoka kanisani kwa hasira miaka kumi iliyopita, anaweza kuupita bila kuulizwa anasali wapi. Kila uamuzi wa kamati upimwe kwa swali hilo: je, mlango huu bado unapitika kwa mtu wa namna hiyo?

Hatua ya 1. Jueni mamlaka ni ya nani, na yenu yaandikwe

Parokia ya Kikatoliki iliyoundwa kihalali ni nafsi ya kisheria, yaani sheria ya Kanisa huitambua kama mwenye haki na wajibu wake yenyewe (kanuni ya 515), na paroko ndiye anayeiwakilisha katika mambo ya kisheria (kanuni ya 532). Kila parokia inatakiwa kuwa na kamati ya fedha (kanuni ya 537). Maana yake ni kwamba kamati ya ukumbi, hata iwe na bidii kiasi gani, haina mamlaka yake yenyewe. Inafanya kazi kwa niaba. Kwa Waanglikana, Walutheri na wengine mpangilio ni mwingine, lakini swali ni lilelile: jina la nani limo kwenye hati ya kiwanja, na saini ya nani inatambulika?

Ombeni barua ya ukurasa mmoja. Iseme kamati inaweza kuamua nini peke yake (ratiba, usafi, matengenezo madogo hadi kiasi fulani), nini kinapelekwa kwa paroko na kamati ya fedha, na nini hakiguswi bila idhini ya jimbo. Kwenye fungu la tatu wekeni kukodisha kwa muda mrefu. Mtu atakuja siku moja, mwenye heshima zake, akitaka chumba cha pembeni kwa mwaka mzima awe na ofisi. Kanuni ya 1297 inawaachia mabaraza ya maaskofu kuweka taratibu za kukodisha mali ya Kanisa, kwa hiyo msikubali wala msikatae kabla ya kuuliza.

Siku hiyohiyo mnapopokea funguo, orodhesheni mali. Viti vingapi vizima, vingapi vimevunjika, meza ngapi, vipaza sauti, pazia, sufuria, ngazi. Kanuni ya 1283 inamtaka msimamizi awe na orodha sahihi ya mali kabla ya kuanza kazi, na sababu yake mtaijua mwaka wa pili, viti ishirini vitakapokuwa havionekani na kila mtu akisema alivikuta hivyohivyo. Pigeni picha kila chumba. Watu wawili watie saini, mmoja wa kamati inayotoka na mmoja wa inayoingia.

Hatua ya 2. Upimeni ukumbi wenu

Ukiuliza ukumbi unachukua watu wangapi, utapewa idadi ambayo hakuna aliyeihesabu. Chukueni tepu ya kupimia. Pimeni urefu na upana, toeni jukwaa na kila sehemu ambayo watu hawakai. Tuseme ukumbi una mita 18 kwa 12, na jukwaa linakula mita 3 upande mmoja. Hapo inabaki mita za mraba 180.

Kanuni za usalama za NFPA, chama cha Marekani cha kujikinga na moto, zinazotumika sana huko, huhesabu mita ya mraba 0.65 kwa mtu mmoja pale viti visivyofungwa chini vinapopangwa kwa mistari, na 1.4 panapokuwa na meza. Ukumbi wetu wa mfano utachukua watu 276 kwenye mkutano, lakini 128 tu kwenye karamu ya meza. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi: familia imealika watu 250 kwa sababu "siku ya mkutano tulitosha." Nchi yenu inaweza kuwa na vipimo vyake, na hivyo ndivyo vitakavyowabana, kwa hiyo mwalikeni ofisa wa zimamoto aje aone. Mkishapata idadi zote mbili, ziandikeni kwa herufi kubwa ukutani, karibu na mlango.

Mlango nao una hesabu yake. NFPA hutaka njia mbili za kutokea, zilizo mbali moja na nyingine, kwa watu hadi 500, tatu kuanzia hapo hadi 1,000, na nne wakizidi. Mlango wa chumba cha watu 50 na zaidi ufunguke kuelekea nje. Sheria hizi zimelipiwa kwa maisha. Mwaka 1942 mjini Boston klabu ya Cocoanut Grove iliungua na watu 492 wakafa. Milango mingine ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mingine ilifunguka kwa ndani, umati ulipoisukuma ikashindikana. Nendeni sasa hivi mkatazame mlango wa nyuma wa ukumbi wenu. Mara nyingi utakuta umefungwa kwa mnyororo kwa kuogopa wezi, na mbele yake zimerundikwa meza. Kwetu ilikuwa hivyo. Tuliondoa mnyororo, tukaweka komeo la ndani linalofunguka kwa kusukumwa na mwili, na tukachora mstari mwekundu sakafuni ambao hakuna kitu kinachowekwa ndani yake.

Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, njia ya mteremko ihesabiwe moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji njia ya mita 3.6. Mlango uwe na upana wa wazi usiopungua sentimita 80, na choo kimoja angalau aweze kuingia na kugeuka. Mkipata fedha kidogo tu mwaka wa kwanza, anzeni na hili. Kuna watu hawajaingia ukumbini mwenu tangu ujengwe, na si kwa sababu hawakutaka.

Kisha simameni katikati ukumbi ukiwa mtupu, mpige makofi mara moja. Sauti ikiendelea kuzunguka zaidi ya sekunde moja hivi, maneno ya msemaji yatagongana na kuvurugika, na wazee wa nyuma watakaa saa mbili bila kusikia. Kununua vipaza sauti vikubwa zaidi huzidisha kelele tu. Kinachosaidia ni vitu laini: mapazia mazito, mazulia ukutani, mbao laini za darini. Watu wenyewe pia hunyonya sauti, ndiyo maana ukumbi uliojaa husikika vizuri kuliko ule wenye watu kumi.

Hatua ya 3. Chora wiki kwenye karatasi moja

Hapa ndipo penye roho ya kazi yote, na ndipo kamati nyingi hazifiki.

Chora jedwali la siku saba, kila siku na vipande vitatu: asubuhi, mchana, jioni. Hivyo ni visanduku 21. Tia rangi vile ambavyo ukumbi hutumika kila wiki, si mara moja kwa mwezi. Mara ya kwanza tulipofanya hivi tulitia rangi visanduku vinne. Mzee mmoja wa kamati aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Jamani, huu ni ukumbi au ni ghala?" Karatasi ile ilibaki ukutani, na tangu siku hiyo hatukuanza kikao bila kuitazama.

Msianze kujaza visanduku kwa kubuni miradi. Tokeni mwende kuuliza. Gaweni mitaa inayozunguka kanisa kati ya wanakamati, kila mtu nyumba au biashara kama kumi, za waumini na za wasio waumini, na swali liwe moja: kuna jambo gani mngelifanya kama mngekuwa na chumba kikubwa na viti? Majibu yatawashangaza kwa udogo wake. Wanafunzi wanataka mahali penye taa na utulivu pa kusomea jioni. Kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wanahesabia fedha zao chini ya mti na wanaogopa mvua. Muuguzi wa zahanati anahitaji mahali pa kupimia watoto uzito siku moja kwa mwezi. Wastaafu wanataka tu kukaa na wenzao. Kuna bondia kijana anayefundisha watoto uwanjani. Kuna kwaya ya kanisa jingine kabisa ambayo kanisa lao linajengwa upya.

Kuna vikundi pia ambavyo havitajitokeza hadharani, na hivyo ndivyo vinavyouhitaji ukumbi kuliko vyote. Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha ulevi, kilianza mwaka 1935 huko Akron, jimbo la Ohio, na katika nchi nyingi vikundi vyake hukutana kwenye kumbi za makanisa, ingawa chama chenyewe hakifungamani na dhehebu lolote. Kwa desturi yao kila kikundi hujitegemea na hakipokei misaada ya nje, kwa hiyo wanaopanga chumba watataka kukilipia, hata kidogo. Wapokeeni kwa sharti lao hilo, na muwape chumba chenye mlango ambao hauonekani kutoka barabarani. Mtu anayekuja mara ya kwanza kusema kwamba pombe imemshinda asilazimike kupita mbele ya kwaya nzima.

Vijana nao wapewe jioni yao. Tarehe 6 Julai 1957 kanisa la St Peter's, mtaa wa Woolton mjini Liverpool, lilikuwa na sikukuu ya parokia. Jioni ile, ndani ya ukumbi wa kanisa, kijana wa miaka 16 aitwaye John Lennon, ambaye bendi yake ilikuwa ikijiandaa kupiga kwenye dansi, alitambulishwa kwa kijana wa miaka 15, Paul McCartney. Kamati iliyoandaa sikukuu ile ilitaka tu dansi la jioni liende vizuri. Ukumbi ulikuwa wazi, na vijana waliruhusiwa kuingia na magitaa yao.

Mkishapata majibu, chagueni visanduku vitatu vya kuanzia, si kumi. Kila kikundi kipate miezi mitatu ya majaribio na mtu mmoja anayewajibika. Kikundi kinachokuja kila Jumanne, hata kikiwa na watu tisa, kina thamani kuliko tamasha la watu mia tatu linalokuja mara moja, kwa sababu ndicho kinachofanya jirani aseme "nenda ukumbini" bila kuuliza kwanza kama pako wazi.

Hatua ya 4. Nani atangulie

Magongano yatakuja, na yakija bila kanuni iliyoandikwa, kamati itaonekana inapendelea. Sisi tuliandika mambo manne na kuyabandika mlangoni.

Aliyeandikwa kwanza ndiye mwenye siku hiyo, awe nani. Kikundi cha kila wiki hakiondolewi kwa ajili ya sherehe bila taarifa ya wiki nne na bila kupewa mahali pengine pa kukutania. Msiba hauna taarifa, kwa hiyo chumba kidogo hakikodishwi kamwe kwa siku nzima. Familia iliyofiwa ikija, kuna mahali pa kukaa. Na parokia yenyewe, kwa shughuli zake kubwa, huandika siku zake zote za mwaka mwanzoni mwa mwaka, kama mteja mwingine yeyote.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Kila kikundi cha kanisa huamini ukumbi ni wake, na huja Alhamisi kikitaka Ijumaa. Ukimwondoa fundi anayefundisha vijana kuchomelea ili kwaya ifanye mazoezi ya ziada, umemwambia yule fundi kwamba yeye ni mgeni wa kuvumiliwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na nimeona jinsi inavyokuwa kweli: wageni wa siku za kazi ndio waliotusaidia kubeba viti siku paa lilipovuja.

Kuhusu mikutano ya siasa, amueni kabla hamjaombwa. Ama vyama vyote kwa sharti moja na ada moja, ama hakuna hata kimoja. Kituo cha kupigia kura au mkutano wa wananchi wote ni jambo jingine, na mimi ningeufungua ukumbi kwa hayo bila kusita.

Hatua ya 5. Ada: anzeni na gharama ya saa moja

Ada za kumbi nyingi zimewekwa kwa kutazama jirani anatoza kiasi gani. Fanyeni hesabu yenu wenyewe. Jumlisheni gharama zote za mwaka: umeme, maji, mlinzi, usafi, bima, matengenezo, na kiasi cha kuweka akiba kwa ajili ya paa. Gawanyeni kwa saa za matumizi. Ukumbi unaotumika saa 10 kwa wiki una saa 520 kwa mwaka. Unaotumika saa 30 una saa 1,560. Umeme na sabuni vitapanda kadiri watu wanavyoongezeka, lakini mlinzi, bima na paa havipandi. Kwa hiyo kila saa mnayoongeza inashusha gharama ya saa nyingine zote, na hofu ya kwamba vikundi vidogo vitaufilisi ukumbi haina msingi, mradi kila kimoja kinarudisha angalau umeme, maji na usafi wake.

Wekeni ada tatu. Ya kwanza ni ya vikundi vya kila wiki visivyotafuta faida, nayo ilingane na kile wanachotumia tu. Ya pili ni ya familia. Ya tatu ni ya biashara, na hiyo iwe juu bila aibu. Ziandikwe zote, zibandikwe, na asiwepo mtu mwenye ruhusa ya kupunguza kwa mdomo. Akija asiyeweza kulipa, kamati iketi, iamue, na iandike kwenye daftari kwamba ada imesamehewa na kiasi gani, ili mwisho wa mwaka parokia ijue imetoa sadaka ya kiasi gani kwa njia ya ukumbi wake. Tulipoanza kuandika hivyo, manung'uniko kuhusu upendeleo yalipungua sana.

Sherehe kubwa zitangulize fedha ya dhamana, irudishwe ndani ya siku tatu baada ya ukaguzi. Ukichelewa kuirudisha, jina la ukumbi linaharibika haraka kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 6. Daftari moja, ufunguo unaojulikana

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na sehemu tatu za kuandikia nafasi: ofisi ya parokia, simu ya mwenyekiti, na kichwa cha mtunza ukumbi. Jumamosi moja saa nne asubuhi familia mbili zilifika na maua, kila moja na risiti yake halali. Bibi harusi mmoja aliishia kupokelea wageni wake kwenye darasa la katekesi. Mama yake aliniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi tulilipa." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tangu hapo daftari ni moja, linakaa mahali pamoja, linaandikwa na mtu mmoja na msaidizi wake. Anayepiga simu kwa mwanakamati mwingine anaelekezwa huko. Mkitumia kalenda ya simu au ya kompyuta ni sawa, mradi watu wawili tu ndio wanaoweza kuandika na wengine wanatazama. Hakuna nafasi iliyoshikwa kwa maneno: jina, namba ya simu, tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu, aina ya shughuli, saini. Saa ya kuingia ihesabiwe tangu wapambaji wanapofika, la sivyo mtagombana kila wiki.

Funguo ziwe na namba, na kila ufunguo uandikwe aliyenao. Kiongozi wa kikundi cha kila wiki apewe wake, autie saini. Wengi huogopa hatua hii. Sisi pia tuliogopa, mpaka tukagundua kwamba mtunza ukumbi mmoja, akiugua au akisafiri, anaufunga ukumbi wote kwa wiki nzima. Mtu aliyekabidhiwa ufunguo huanza kuona balbu iliyoungua na bomba linalotiririka, akawaambia.

Hatua ya 7. Watoto

Hapa sina mengi, ila msiyapunguze. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto kwenye chumba kilichofungwa; daima wawe wawili, na milango iwe na kioo au iachwe wazi. Kila kikundi chenye watoto kilete majina ya wasimamizi wake kabla ya kuanza, na jimbo au dayosisi huwa na taratibu zake za ulinzi wa watoto ambazo zinawahusu wageni wa ukumbi vilevile. Bandikeni namba ya simu ya kuripoti mahali ambapo mtoto ataisoma, kwa kimo chake.

Hatua ya 8. Kufungua na kufunga

Andaeni karatasi moja ndani ya mlango. Wakati wa kufungua: fungueni kufuli zote za milango ya kutokea, angalieni mitungi ya kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza, onyesheni kiongozi wa shughuli ilipo swichi kubwa ya umeme. Wakati wa kufunga: majiko na mitungi ya gesi, mabomba, vyoo (ingieni mtazame, kuna aliyewahi kufungiwa), madirisha, taa. Viti vipangwe kwa safu za idadi moja, kumi kumi, hapo mtu mmoja anahesabu mia mbili kwa dakika moja. Mitambo ya muziki ya kukodi isiunganishwe kwenye soketi ya ukutani kwa nyaya zilizofungwafungwa. Fundi umeme wenu awatengenezee laini yake maalumu, na hilo liwe sharti la mkataba.

Muziki ukome saa iliyoandikwa. Majirani wasiolala ndio watakaokuja kuupinga ukumbi, na watakuwa na haki.

Hatua ya 9. Siku ya maafa

Mafuriko yakija, au moto ukiteketeza nyumba za mtaa, watu watakimbilia kanisani kabla mamlaka yoyote haijatangaza. Afadhali kamati iwe imefanya hesabu mapema. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka mita za mraba 3.5 za kuishi kwa kila mtu, lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Ule ukumbi wetu wa mita za mraba 180 utawahifadhi watu 51, kwa lita 765 za maji kila siku na vyoo vitatu. Usiku wa kwanza mtawapokea wengi zaidi, hakuna atakayemrudisha mtu mvuani. Lakini idadi hiyo inawaambia lini muanze kutafuta jengo la pili, na inawaambia leo kwamba tangi la lita 500 halitoshi.

Pelekeni hesabu hiyo kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia maafa katika eneo lenu, pamoja na namba za simu za watu watatu wenye funguo. Wekeni mahali pa mapazia au vibao vya kugawia vyumba, ili mama anyonyeshe na mtu abadili nguo bila macho ya watu. Na kubalianeni mapema shughuli za kila wiki zitahamia wapi, kwa sababu maafa yanaweza kukaa miezi.

Hatua ya 10. Hesabu mbele ya watu

Kanuni ya 1284 inamtaka msimamizi atunze vitabu vya mapato na matumizi, aweke bima inapohitajika, na atoe taarifa kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 inaongeza kwamba waamini waelezwe kuhusu mali walizozitoa wao wenyewe. Kwa ukumbi, ningekwenda mbali zaidi na kuwaeleza pia wasio waamini wanaoutumia, maana ada zao zimo humo.

Karatasi moja inatosha, isomwe kanisani na ibandikwe ukumbini: kilichoingia kwa kila aina ya ada, kilichosamehewa, kilichotumika, kilichowekwa akiba, na kazi inayofuata ya matengenezo na gharama yake. Kamati zetu hupenda kuandika "matengenezo mbalimbali." Andikeni "vyoo vya wanawake, milango miwili." Watu huchangia mlango wanaoufahamu.

Kando ya karatasi hiyo ya fedha bandikeni lile jedwali la visanduku 21, la mwaka jana na la mwaka huu, yakiwa na rangi zake. Kwetu mwaka wa tatu vilikuwa kumi na vinne. Asubuhi ya Jumatano bado ni nyeupe, na kuna kikundi cha wasioona wanaojifunza nukta nundu ambacho kimeuliza.